Muda husimamishwa, mkataba huvunjwa

SWALI: Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, Arusha. Tunatafsiri makubaliano ya wafanyabiashara wawili wanaodaiana chini ya sheria ya Uingereza: wakiwa kwenye mazungumzo, siku za kufungua kesi zisihesabiwe. Niandike "kusitisha ukomo", "kuongeza muda" au "kusimamisha muda"?

JIBU: Andika "makubaliano ya kusimamisha muda wa kufungua shauri". "Kuongeza" hakufai, maana anayeongezewa hupewa siku mpya. Hapa zilizobaki zinawekwa kiporo tu. "Ukomo" nao ni pale muda unapoishia. Kinachosimama ni muda.

Lakini "sitisha" ndilo linalonikera. Limetokana na "sita", kama mtu anavyosita njia panda. Kinachositishwa kinazuiwa kikiwa bado kina safari. Sasa kila msimu wa ligi nasoma "klabu yasitisha mkataba wa kocha". Kocha kafungasha mabegi, kalipwa chake, na mrithi wake yuko uwanjani na filimbi mdomoni. Kimesitishwa nini hapo? Mkataba umevunjwa! "Vunja" tunalo, "katisha" tunalo, "komesha" lipo. Tumeyatupa kwa kuwa yanasikika makali, tukalibebesha neno la kusubiri kazi ya kuua. Magazetini hilo linaudhi. Kwenye hati ya sheria linamtia mtu hasara.

Hebu piga hesabu. Uingereza, dai la kawaida la mkataba lina miaka 6. Tuseme imepita miaka 5 na miezi 10 ndipo wakakubaliana muda usimame. Mazungumzo yakivunjika, mdai amebakiwa na miezi 2. Akisoma "ukomo umesitishwa" kwa maana ya yule kocha, ataamini hakuna tena mwisho, atalala, na dai litamfia mkononi.

Usiuhamishie mfano huu kwenye kesi za hapa nyumbani. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinataka shauri lililochelewa litupwe hata kama mdaiwa hakupinga, na mahakama zetu hazikubali kwamba mazungumzo husimamisha siku.

Utakapofika pale hati inaposema kinachofuata mazungumzo yakishindikana, andika muda "utaendelea kuhesabiwa". Usithubutu kuandika "utaanza upya", maana kwa maneno hayo mawili utakuwa umempa mdai miaka 6 mingine.