Hedifoni ya omu 250 kwenye daladala: ninunue amplifaya au nibadilishe hedifoni?

SWALI: Habari fundi. Naishi Gongo la Mboto, kazini ni Posta, kwa siku kwenda na kurudi nakaa kwenye daladala kama masaa matatu. Nina kipleya kidogo cha kubana kwenye shati (SanDisk Clip), simu yangu haina tundu la jeki. Mwezi uliopita nimepata hedifoni ya mtumba, Beyerdynamic DT 770 Pro, imeandikwa 250, wanasema ni ya studio. Nikichomeka kwenye pleya naweka voliamu mwisho kabisa ila sauti naisikia kwa mbali, besi haina nguvu. Aliyeniuzia anasema ninunue amplifaya ya mfukoni. Je nimeuziwa feki? Na hiyo amplifaya ninunue? Nasikiliza zaidi rumba na taarab za zamani.

JIBU: Salama mdogo wangu. Kuhusu ufeki siwezi kukuapia bila kuishika, ila sauti kuwa ndogo sio dalili ya ufeki, hata orijino kabisa ya omu 250 ingekufanyia hivohivo kwenye kipleya cha kubana shati. Na hiyo amplifaya usinunue kwanza, nisikilize.

Chukulia tenki la maji la hapo nyumbani. Volti ni urefu wa mnara ulioweka tenki, omu ni wembamba wa bomba. Hedifoni yako ni bomba jembamba sana, na kipleya chako ni tenki lililowekwa juu ya ndoo. Maji yatatoka ndio, lakini sio ya kuogea. Vipleya vidogo vya namna hiyo vingi vinatoa kama nusu volti tu ukiweka voliamu mwisho, sasa nusu volti kwenye omu 250 inakupa nguvu ya milivati 1, basi. DT 770 kwa milivati 1 inatoa desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiiona hiyo namba utasema mbona nyingi, ila hapo ni kwenye kilele, pale ngoma inapopigwa. Muziki wa kawaida unatembea chini ya hapo kwa desibeli 15 mpaka 20, na rekodi za zamani kama hizo zako zilirekodiwa kwa sauti ya chini zaidi, hazikubanwa kama nyimbo za siku hizi. Kwahiyo unabaki na sabini na kitu, ambayo chumbani usiku inatosha kabisa, ila kwenye daladala injini iko chini ya miguu, konda anagonga bati na redio ya dereva iko hewani, unasikia kwa mbali kama ulivosema.

Hiyohiyo DT 770 ipo ya omu 32 na ya omu 80 pia. Ya 32 kwenye nusu volti ileile ingepata karibu milivati 8, desibeli 9 zaidi. Yaani modeli moja, sura moja, namba ndogo tu pembeni ndio inabadilisha kila kitu na muuzaji hakukwambia, au na yeye hajui. Ukitaka kuhakikisha angalia waya: wa 250 ni ule wa kujikunja kama wa simu ya mezani, mita 3 ukiunyoosha. Hebu jifikirie na huo waya umesimama kwenye daladala saa kumi na moja jioni, unanasa kwenye mkoba wa mama wa watu! Wenyewe waliitengeneza kwa mtu aliyekaa kwenye kiti mbele ya mixa, mashine ya kuchanganya sauti studio, sio kwa msafiri.

Sasa kwanini nasema usinunue amplifaya? Itaongeza sauti, hilo kweli. Lakini utakuwa na kipleya, kijiboksi cha pili cha kuchaji kila siku, kawaya ka kuunganisha, halafu hedifoni kubwa kichwani karibu na dirisha, na we unajua vibaka wa foleni wanavyopenda dirisha lililo wazi. Halafu utakuwa unapambana na kelele kwa kuongeza kelele. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 ni masaa 40 kwa wiki, ukipanda mpaka 90 unabakiwa na masaa manne tu kwa wiki. We kwa siku ni masaa matatu, siku sita hayo ni masaa 18. Ukisikiliza kwa 90 mgao wako wa wiki unaumaliza Jumanne asubuhi.

Ndo maana mtu akiniuliza hedifoni ya kutembea nayo siulizi omu kwanza, namuuliza utasikilizia wapi. Kwa daladala jibu langu ni iafoni za kuingiza ndani ya sikio, zile zenye vimpira. Zikikaa sawasawa zinakata kelele desibeli 20 na zaidi, na nyingi zina omu 16 mpaka 32 na ni nyepesi kusukuma, kwahiyo kipleya chako kitaziendesha kikiwa nusu ya voliamu na chaji itakaa. Kuna watu watakwambia Koss Porta Pro, ile ya sponji ya tangu 1984, omu 60, desibeli 101 kwa milivati, kweli inalia vizuri hata kwenye pleya dhaifu na mimi nnayo ya barazani. Ila iko wazi: kwenye daladala jirani atasikia rumba yako na we utamsikia konda.

Hapo kwenye vimpira ndipo watu wengi wanapoharibu. Kwenye boksi vinakuja saizi tatu, mtu anaacha vile vya katikati vilivyokuja vimevalishwa, kimpira hakizibi, hewa inapita, besi yote inatoka, anasema iafoni mbovu. Jaribu saizi zote, na sikio la kushoto na la kulia sio lazima zilingane, mimi kushoto navaa kubwa kulia ya kati. Kuvaa nako kuna namna yake: kwa sikio la kulia pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, vuta sikio juu kidogo, fungua mdomo, ingiza kwa kuzungusha taratibu halafu achia. Ukisikia dunia imeenda mbali ghafla, hapo imeziba. Weka wimbo wenye gitaa la besi, bonyeza iafoni kwa kidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza ujue kimpira bado hakijakaa.

Sasa upande wa pleya. Tundu la jeki nalo lina omu zake, na kanuni tunayotumia mafundi ni ziwe chini ya moja ya nane ya omu za hedifoni. Iafoni ya omu 16 inataka tundu la omu 2 au chini. Hili nililipa mwenyewe: miaka ya nyuma nilinunua iafoni za spika tatu ndani kila upande, ghali, nikawa nazisikilizia kwenye tundu la mixa moja ya zamani kazini. Matoazi hayasikiki, sauti ya mwimbaji kama anaimbia kwenye ndoo. Nikazituhumu, nikamuuzia jamaa kwa bei ya hasara. Wiki ya pili jamaa kazivaa na simu yake ya kawaida, nikamuazima nisikilize, aisee zinalia mpaka nikanyamaza. Kosa lilikuwa tundu la ile mixa, lilikuwa na omu kama 40, na iafoni zenye spika nyingi omu zake hazitulii, katikati inaweza kuwa 30 halafu juu kwenye matoazi ikashuka mpaka 8, sasa ukiweka 40 mbele yake ule upande wa juu unapotea kama desibeli 8 mzima mzima. Nilinyamaza, sikumwambia jamaa. Matundu ya vipleya vizuri na ya adapta nyingi za simu huwa na omu 2 au chini, kwahiyo kwako sio shida sana, ila ukiazima iafoni ikalia ajabu kwenye kifaa kimoja na vizuri kwenye kingine, anza kulituhumu tundu.

Kuhusu simu isiyo na jeki, nunua adapta ya USB-C yenye chipu ya sauti ndani. Zile za bei ya maji zisizo na chipu kwenye simu nyingi hazitoi sauti kabisa. Ya Apple ni nzuri na ndogo, inayouzwa Marekani inatoa volti 1, ya Ulaya nusu, ila kwenye simu nyingi za Android inalia chini hata ukimaliza voliamu, kwahiyo nenda na simu yako ujaribu palepale. Bluetuthi nayo sawa tu, hapo habari ya omu isahau maana amplifaya iko ndani ya iafoni yenyewe, ila masaa matatu kila siku betri zake ndogo zinachoka baada ya muda, na kikidondoka kimoja ukishuka Buguruni ndo basi tena.

Ukienda Kariakoo kujaribu, nenda na kipleya chako na nyimbo zako unazozijua mpaka kikohozi cha mpiga kinanda, usikubali simu ya muuzaji wala wimbo wake wa besi kubwa. Toka mlangoni usikilizie barabarani, dukani ndani kumetulia kunadanganya. Jeki izungushe huku muziki unaendelea, isikatekate. Na mwimbaji akipotea ukabaki na vinanda na mwangwi kwa mbali usikimbilie kusema feki, mara nyingi ni jeki haijaingia mpaka mwisho au waya wa ardhi, ule unaotumiwa na pande zote mbili, haujagusa, zile pini za mistari mitatu kwenye tundu la zamani hufanya hivo sana. Sukuma mpaka usikie tiki.

Hiyo DT 770 usiiuze. Baki nayo nyumbani, vaa usiku watu wamelala, na hapo kama bado sauti haikutoshi ndo tuongee amplifaya, tena ya kukaa mezani ya kuchomeka ukutani, sio hiyo ya mfukoni aliyokushauri muuzaji. Sponji za masikioni kama zimeshabonyea badilisha, za DT 770 zinavuliwa kwa mkono na kuvalishwa nyingine, sponji iliyolala nayo inakula besi yako, na kwa mtumba nna wasiwasi nayo hiyo kabla ya kitu kingine chochote.