Ukitaka Kusoma Theolojia, Usianzie Kwenye Mabishano

Msomaji mmoja ameniandikia juzi: "Mtumishi, nimesikia wito, nataka kusoma theolojia. Nianze na tawi gani ili niweze kuwajibu watu?" Mdogo wangu, matawi nitakutajia. Hilo la kuwajibu watu liweke pembeni kwanza.

Vyuo vingi hugawa masomo mafungu manne. Kuna Biblia, yaani Agano la Kale na Jipya pamoja na Kiebrania na Kigiriki. Kuna historia ya kanisa. Kuna theolojia ya kimfumo, inayopanga mafundisho kwa mada: Mungu, Kristo, wokovu, kanisa, siku za mwisho. Halafu kuna theolojia ya vitendo: mahubiri, liturujia, uchungaji wa wagonjwa na wafiwa. Maadili na misiolojia, yaani somo la utume wa kanisa, huhamahama, kila chuo na mpango wake.

Mimi niliingia chuoni nikiwa tayari mwinjilisti, mikutano ya hadhara naijua. Siku ya kuagwa, mzee mmoja alisimama mbele ya ibada akasema, "Nenda mwanangu, ila kumbuka: andiko huua, bali roho huhuisha." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nikiri tu, bado linaniuma. Ilikuwa kama naagwa kwenda kupotea.

Darasani tukaifungua 2 Wakorintho 3 yote. Paulo pale analinganisha agano lililochorwa kwenye vibao vya mawe na agano jipya. Habari ya kwenda shule haimo. Na Paulo huyohuyo, katika Matendo 22:3, anajitambulisha kuwa amefundishwa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati. Mzee yule sijamwambia. Huenda anasoma hapa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma sura nzima. Chukua Yeremia 29:11, mstari wa kalenda na kadi za mahafali, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Rudi nyuma mstari mmoja tu: miaka sabini Babeli. Hii ni barua kwa watu waliokwisha kuhamishwa, wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe huko huko. Katika sura ya 28 nabii wa uongo Hanania alikuwa ameahidi uhamisho utaisha ndani ya miaka miwili, na bila shaka alishangiliwa. Wengi waliosomewa barua ya Yeremia walizeekea ugenini. Sasa hubiri mstari huo kwa mtu anayesubiri visa ya wiki ijayo! Tumaini limo, ila si lile la kwenye kadi.

Hapo ndipo matawi mengine yanapoingia. Mwenye theolojia ya kimfumo atauliza: maongozi ya Mungu yanafanyaje kazi ikiwa ahadi inatimia baada ya mwenye kuahidiwa kufa? Wa vitendo atauliza utasema nini kando ya kitanda cha mgonjwa asiyepona. Fungu la Biblia ni moja, maswali tofauti. Ukiwa na tawi moja tu utajiona umemaliza.

Ario, kasisi wa Aleksandria, naye alikuwa na mistari yake. Alishika Mithali 8:22 kuthibitisha kwamba Mwana aliumbwa, na maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 hawakuweza kumjibu kwa kurushiana mistari. Ilibidi wauseme ushuhuda wa Biblia nzima kwa pamoja. Vijana wanaobishana mtandaoni leo wangesoma historia ya kanisa, wangeona njia hiyo ilishapitwa.

Wala usidhani njia zote zimetoka Ulaya. John Mbiti wa Kenya, katika utafiti wake wa udaktari kule Cambridge, aliweka fundisho la Agano Jipya juu ya siku za mwisho karibu na jinsi Wakamba wanavyouelewa wakati. Wengine wamempinga vikali kuhusu maelezo yake ya wakati. Sawa, ila swali lake linakuhusu wewe unayehubiri kijijini kwenu.

Basi anza na Biblia, sura nzima nzima, uende na historia sambamba, mifumo itafuata. Kigiriki kisome mwaka wa kwanza, kabla hujapewa mtaa wa kuuchunga. Ukishapewa, kati ya mazishi, darasa la kipaimara na vikao vya ujenzi wa kanisa, jioni ya kukariri vitenzi hutaipata tena.