Mdemokrati wa Daftarini

*Shangazi, shikamoo. Kaka yangu yuko Louisville, Kentucky, mwaka wa nne sasa, anapakia vifurushi usiku kwenye ghala la uwanja wa ndege. Ananiambia kazini kwake kuna wazee waliosajiliwa chama cha Democratic ambao tangu 2016 wanampigia Trump, na wala hawafichi. Mimi ni katibu wa tawi la chama huku kwetu. Mwanachama akifanya hivyo tunamwita kikaoni. Hao hawanyang'anywi kadi? Na kaka akishapata uraia, ajiandikishe chama gani? — Msomaji, Korogwe*

Marahaba, katibu. Umenikumbusha nyumbani, nami nimekaa mji huo huo wa kaka yako mwaka wa ishirini na kitu.

Kadi haipo, kwa hiyo hakuna cha kunyang'anya. Ada haipo, kikao hakipo. Huku Kentucky mtu anakuwa Mdemokrati au Mrepublican siku anayojaza fomu ya kupiga kura, mara nyingi dirishani anapochukua leseni ya udereva. Kwenye fomu kuna visanduku vya vyama, anatia alama kimoja, fomu inakwenda kwa karani wa kaunti. Hiyo ni ofisi ya serikali. Chama chenyewe hakiulizwi kama kinamtaka, na siku kikimchoka hakiwezi kumfuta. Ukivuka kwenda Michigan, Georgia, Texas au Minnesota, daftari la wapiga kura halina hata safu ya chama.

Sasa utauliza, alama hiyo ni ya nini? Ni ya mlango mmoja tu: uchaguzi wa mchujo wa Mei, ule mnaouita huko kura za maoni, isipokuwa huku unasimamiwa na serikali. Kentucky mlango huo umefungwa: Mdemokrati anapewa karatasi ya Wademokrati, Mrepublican ya kwao. Novemba milango yote iko wazi, kila mtu anampigia amtakaye.

Mimi nililijifunza hilo kwa aibu. Nilipokula kiapo cha uraia nikajaza fomu kwa mbwembwe, nikajiandika huru, sina chama. Niliona ndiyo heshima, mtu mzima hafungwi kamba. Mwezi Februari majirani wakaanza kubishana juu ya wagombea wa mchujo, nami nikataka kuingia. Nikaenda kubadili. Nikaambiwa mwisho wa kubadili chama kwa ajili ya Mei ulikuwa tarehe 31 Desemba. Mei nikaenda hivyo hivyo na gauni langu zuri, nikapewa karatasi yenye mbio moja tu, ya jaji. Nikajaza kiduara kimoja nikarudi nyumbani.

Baadaye nikaanza kufanya kazi ya kusimamia kituo. Mezani tunakaa wanne: karani, majaji wawili wa kituo (si wa mahakama) na mmoja anayeitwa sherifu, jina la mkuu wa polisi wa kaunti, ingawa huyu hana bunduki wala farasi. Sheria inataka wawili watoke chama hiki na wawili kile, wachungane. Mei moja akaja bibi wa miaka kama sabini, viatu vina tope la bustani. Nikaipitisha leseni yake kwenye kishikwambi.

"Nipe ya Republican, mwanangu."

"Mama, hapa umeandikwa Mdemokrati."

Akainama kuangalia mwenyewe. Kisha akacheka mpaka mwenzangu akageuka. "Hiyo kazi ya baba yangu," akasema. Alipofika umri wa kupiga kura baba yake alimpeleka mahakama ya kaunti, akasimama nyuma ya bega lake mpaka alipotia alama. Toka hapo hakuigusa tena. Nilipomweleza kwamba siwezi kumpa ile nyingine, aliichukua ya Democratic akaitazama kama mtu aliyeagiza wali akaletewa ugali, akajaza jina moja, akaondoka.

Nina kanga ya marehemu bibi yangu. Jina lake ni kijembe kwa mke mwenza aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Naivaa jikoni kila wiki na simsemi mtu. Ukitaka kuwaelewa hao wazee wa ghalani kwa kaka yako, waangalie kwa jicho hilo.

Maana kuna asili yake. Jirani yangu wa kushoto, mstaafu, katoka kaunti ya Elliott, milimani mashariki, makao yake makuu Sandy Hook. Kaunti ile ilianzishwa 1869, na toka siku hiyo, kabla ya 2016, haikumpa ushindi Mrepublican yeyote wa urais. Wakazi karibu wote ni wazungu, na mwaka 2008 na 2012 ilimpa Obama. Mwaka 2016 Trump akachukua pale asilimia 70. Mzee anasema baba yake alilima tumbaku. Katika miaka ya 1930, zama za Rais Roosevelt, Mdemokrati, serikali iliweka mpango wa bei: kila mkulima na kipimo chake cha kuuza, bei isianguke. Familia zikawa za chama cha Roosevelt kama unavyokuwa mtu wa mganga aliyemponya mwanao. Mwaka 2004 Bunge la Washington likaufuta mpango ule. Mzee hakuhama siku hiyo, wala mwaka ule. Alianza na kura ya rais peke yake, kimya kimya, huku sherifu na mkuu wa kaunti akiendelea kuwachagua kwenye mchujo wa Wademokrati, kwa sababu mambo yalikuwa yanaishia kwenye mchujo huo. Novemba mara nyingi hapakuwa na mpinzani. Angejiandika Republican, angekuwa amejitoa mwenyewe katika kumchagua sherifu wake.

Weka wazee kama hao jimbo zima upate hesabu inayochekesha: Mdemokrati wa mwisho kushinda urais Kentucky ni Clinton, 1996, lakini daftarini Wademokrati waliendelea kuwa wengi kuliko Warepublican hadi Julai 2022.

Na usidhani wamebadili jezi wakatulia. Mwaka 2019 Andy Beshear, Mdemokrati, alishinda ugavana kwa kura zaidi kidogo ya 5,000, na siku hiyo hiyo, karatasi hiyo hiyo, Warepublican wakabeba nafasi nyingine zote za ngazi ya jimbo. 2023 akashinda tena. Jirani yangu alimpigia mara zote mbili. Nikamuuliza kwa nini. "Baba yake alikuwa gavana, na mtoto huwa anakuja mafuriko yakitokea." Chama hakukitaja.

Wakubwa nao huhama. Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Republican, alikuwa Mdemokrati hadi 1962. Trump alijisajili Democratic New York mwaka 2001, akarudi Republican 2009. Hakuna aliyeitwa kikaoni.

Kuna na kundi la tatu, wale wanaojiita huru kama nilivyojiita mimi. Gallup, shirika linalopima maoni ya watu, miaka hii linawahesabu kupita asilimia 40. Ukiishia hapo utadhani vyama vinakufa. Wabane kidogo, waulize wanaegemea wapi: wengi wao watakutajia chama, na Novemba kura zao hazitofautiani sana na za wenye chama. Jezi hawavai, lakini goli likiingia unajua nani karuka.

Ndugu katibu, usije ukatoka hapa ukitangaza kwamba jina la chama si kitu huku. Novemba karatasi yetu ni ndefu, mbele na nyuma. Rais unamjua, seneta pengine. Ukishuka chini unakutana na majina ambayo hujawahi kuyasikia, na pembeni ya kila jina kuna neno moja tu la kukuongoza. Juu kabisa ya karatasi ya Kentucky pana kiduara ambacho ukikijaza umewapigia wagombea wote wa chama kimoja kwa mkupuo. Wapo wanaokijaza na kuondoka ndani ya dakika moja, wakisahau kwamba majaji na bodi ya shule hawana chama, hivyo kiduara hakiwagusi. Upande wa nyuma unabaki mweupe. Na kuanzia 2026 meya na madiwani wa Louisville nao wanagombea bila jina la chama, kwa sheria ya bunge la jimbo ya 2024. Mji huu ni wa Wademokrati, bunge ni la Warepublican. Malizia mwenyewe.

Sasa kaka. Kabla ya kiapo cha uraia asijaze fomu ya kupiga kura hata akiulizwa kwa upole kwenye dirisha la leseni. Ajibu hapana. Hilo ni kosa linaloweza kumfukuzisha nchini, na kijana wa dirishani hatamtetea. Akishaapa, chama gani sitamwambia. Aangalie karatasi ya Mei mtaani kwake, mbio zipi zinaamuliwa pale, ndipo atie alama. Akikosea, fomu ya kubadili iko kwenye mtandao, dakika tano, mradi isipite 31 Desemba.

Na kama unataka kujua shangazi yako ni chama gani, wenzangu watatu wa mezani wanajua. Nao wamekatazwa kuongea siasa kituoni.