Kilo 13 za vidonge vya mishipa

Juzi usiku msomaji mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, aliniandikia: "Dada, nimetupa vidonge vyangu vya mishipa chooni. Unene umenichosha." Nilimpigia saa ileile, mikono ina povu la vyombo. Na mimi nilishawahi kutupa vyangu.

Mwaka juzi nilipata mkanda wa jeshi, ubavu wa kushoto. Malengelenge yalikauka, moto ukabaki. Kanga tu ikigusa ngozi, naruka. Nikaandikiwa pregabalin, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, miligramu 150 asubuhi na 150 usiku, na haki ya Mungu ilinisaidia, nikalala. Ila hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kuongeza njaa na uzito, wala kwamba miguu inaweza kuvimba. Hilo bado linaniuma.

Saa tano usiku nafunua sufuria: kiporo cha ugali, kichwa cha sato, nakula nimesimama gizani. Wifi yangu akawa ananisifu, "Dagaa wamekukubali, wifi!" Nacheka naye. Mpaka siku moja pale Mwaloni, Kirumba, nikapanda kwenye mizani ya magunia kwa utani. Kijana akasoma kwa sauti: 82! Wapagazi wakapiga makofi. Kabla ya dawa nilikuwa 69. Jioni ile vidonge vikaenda jalalani.

Usiku wa pili shuka lililoa jasho. Moyo unakimbia, kichefuchefu, tumbo la kuhara, usingizi hakuna. Nikasema malaria hii. Nikapima, hamna kitu. Mume wangu ndiye aliyemtajia daktari vidonge, mimi naona aibu. Yule mama hakunigombeza. Alisema mwili ukishaizoea dawa hii hautaki ikatwe ghafla, na mwenye kifafa anaweza kuanguka vibaya. Akanirudisha kwenye dozi, akaagiza kipimo cha figo kwa sababu ndizo zinazoitoa dawa mwilini, akanibonyeza kifundo cha mguu. Kidole kikaacha shimo.

Tukapanga kupunguza miligramu 75 kila wiki mbili. Maelekezo ya dawa yanataka angalau wiki moja ya kushusha. Yeye alitaka taratibu zaidi. Mwanzo haukuwa na shida. Kutoka 150 kwenda 75 kwa siku ndipo moto uliporudi, mchomo mmoja mmoja usiku. Tulikaa hapo mwezi mzima. Nililia, nikaona nimefeli, kumbe daktari alishalitarajia.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mnaogawiana vidonge na majirani kama chumvi. Usiache peke yako. Andika uzito wako tangu siku ya kwanza, daktari auone kwa macho. Kama unakunywa pombe au unameza tramadol, ile dawa kali ya maumivu, sema. Vikikutana na dawa hii vinaweza kudhoofisha upumuaji. Ukibadilishiwa dawa, uliza: amitriptyline, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, nayo huwanenepesha wengi. Na narudia, usiache peke yako! Dozi yangu si dozi yako, usiinakili hapa ukaenda kujitibu.

Leo nina 76. Si 69, najua, na sufuria ya usiku bado inaniita. Lakini gauni nililoshonewa send-off ya mdogo wangu, zipu imepanda hadi juu, na nimeivuta mwenyewe.

Yule wa Igoma amenitumia meseji asubuhi hii. Yuko kwenye foleni ya daktari, ameshika boksi tupu.