Dola 300 kwa mwezi Kuala Lumpur: zinatosha, na zinaishia wapi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umepata nafasi ya shahada ya uzamili mjini Kuala Lumpur, kwamba ada imeshalipwa na kaka yako atakutumia dola 300 kila mwezi kwa ajili ya chakula, chumba na nauli, na unataka kujua kama fedha hizo zitatosha na kama ubebe unga wa ugali. Niliishi katika mji huo kuanzia Septemba 2022 hadi mwisho wa 2024, muda mwingi nikiwa Wangsa Maju, upande wa kaskazini-mashariki, na kwa kuwa fedha niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ya mjomba, kila nilichokinunua nilikiandika katika daftari. Haya ninayokujibu yanatoka humo, nawe utakuta baadhi ya bei zimeshasogea.

Dola 300 zilitosha na hazikutosha ndani ya mwaka mmoja, bila mimi kubadili hata sahani ya chakula. Februari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa karibu ringgit 4.80 (ringgit ndiyo fedha ya Malaysia), hali ambayo ringgit haikuwa imeifikia tangu msukosuko wa fedha wa Asia wa 1998. Ilipofika mwisho wa Septemba mwaka huohuo dola ilikuwa imeshuka hadi ringgit 4.12 hivi. Kwa hiyo dola 300 zilizokuwa ringgit 1,440 ziligeuka kuwa ringgit 1,236. Mimi nilibanwa zaidi, kwa sababu mjomba alikuwa akituma shilingi 800,000 za Tanzania, na shilingi yetu ilikuwa ikiteremka wakati uleule ringgit ilipokuwa ikipanda, hata ringgit moja iliyokuwa ikipatikana kwa takriban shilingi 530 mwanzoni mwa mwaka ikawa haipatikani chini ya shilingi 650. Ilinibidi nimweleze mzee kwamba bei ya wali haijapanda hata senti moja ila fedha yake imepungua zaidi ya ringgit 250 njiani, naye kwa muda mrefu aliamini kwamba nimeanza anasa. Ndiyo maana nakushauri ukubaliane na kaka yako kiasi cha ringgit, si cha dola wala cha shilingi, halafu mwezi wowote atume kinachohitajika kukifikia kiasi hicho.

Kitakachokusumbua kwanza ni kuingia katika chumba, na hapo wengi wetu huishiwa kabla ya kuanza masomo. Utaratibu wa kawaida ni kwamba mpangaji analipa amana ya kodi ya miezi miwili, amana ya nusu mwezi kwa ajili ya maji na umeme, na kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba changu kilikuwa cha ringgit 550, ndani ya nyumba ya ghorofani tuliyoishi watu wanne, kwa hiyo siku ya kupokea funguo nilitoa ringgit 1,925, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi milioni moja. Baada ya hapo nilinunua godoro jembamba, feni, sufuria moja na mashuka. Njoo na ringgit 3,000 hivi za kuanzia, mbali na fedha ya matumizi ya mwezi, na mbali na gharama za kibali cha mwanafunzi, bima na uchunguzi wa afya ambazo chuo chako kitakueleza.

Kuhusu amana hiyo nina donge ambalo halijayeyuka. Nilipohama chumba cha kwanza, mwenye nyumba alinikata fedha za kupaka rangi ukuta na kusafisha kiyoyozi, ingawa madoa yale niliyakuta, na sikuwa na cha kumwonyesha. Katika chumba cha pili nilipiga picha kila kona siku ya kwanza, nikazituma kwa mwenye nyumba papo hapo ili tarehe ibaki, na amana yangu ikarudi yote. Dai pia mkataba wa maandishi uliopigwa muhuri wa kodi ya stempu. Ada yake ni ndogo, na bila huo maneno yako hayana mahali pa kusimama.

Umeme wa kule si wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Hapa nyumbani uniti zikiisha taa inazimika nawe unajifunza adabu. Kule unatumia kwanza, bili inakuja mwisho wa mwezi. Wakati wangu bei ilipanda kwa ngazi: uniti 200 za mwanzo zilikuwa sen 21.8 kila moja (sen ndiyo senti ya ringgit), 100 zilizofuata sen 33.4, na zilizozidi 300 zilianzia sen 51.6. Kwa hiyo mwenzenu mmoja akilala na kiyoyozi usiku kucha, anaipandisha nyumba nzima kwenye ngazi ya juu na bili mnagawana sawa. Ugomvi wote niliouona katika nyumba za wanafunzi ulianzia hapo, ukiacha ule wa vyombo visivyooshwa. Sisi tulikubaliana kiyoyozi kiwashwe kuanzia saa nne usiku hadi saa saba, na sehemu yangu ya umeme, maji na intaneti ilikuwa kati ya ringgit 55 na 65. Utaratibu wa bei za umeme ulibadilishwa Julai 2025, kwa hiyo usizishike tarakimu hizo. Shika kwamba kiyoyozi ndicho kinachokula.

Sasa chakula, ambako nilikosea kwa miezi mitatu ya mwanzo. Nilikwenda na imani ya nyumbani kwamba anayejipikia ndiye anayebana matumizi na anayekula nje ndiye mfujaji, nikawa napika kila siku. Kuku wa supamaketi alikuwa ringgit 9.40 kwa kilo, bei ya juu iliyokuwa imewekwa na serikali. Ukiongeza nyanya, vitunguu, mafuta na mboga, na ukikumbuka kwamba jokofu ni la watu wanne na kwamba nusu ya fungu la mboga huoza kabla hujalimaliza peke yako, sahani yangu ilikuwa ikinigharimu sawa na ya mgahawani au zaidi. Wenyeji wanalijua hilo, na ndiyo maana vijana wengi wa mjini hawapiki. Gesi yenyewe si tatizo: mtungi wa kilo 14 una ruzuku na uliuzwa ringgit 26.60, wakati mtungi wa kilo 15 niliouacha Dar es Salaam ulizidi shilingi 50,000. Tatizo ni kumpikia mtu mmoja.

Nilipoanza kula kama wanavyokula, hesabu ilinyooka. Asubuhi kuna nasi lemak, ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa, kwa kuwa ni wali wa nazi uliofungwa katika jani la mgomba au karatasi pamoja na sambal ya pilipili, kipande cha yai, tango, karanga, na dagaa wa kukaanga wanaoitwa ikan bilis. Kifurushi kidogo kilikuwa ringgit 2 au 2.50, na mama anayekiuza pembeni mwa kituo cha treni hana tofauti na mama lishe wetu, hata kwa namna anavyokukumbuka. Siku nyingine ni roti canai, chapati ya kukunjwakunjwa inayoletwa na mchuzi wa dengu, kwa ringgit 1.50, na chai ya maziwa ya teh tarik kwa ringgit 2. Mchana nilikula nasi campur, ambapo unajichotea wali na kuchagua mboga na kitoweo: wali, kipande cha kuku na mboga moja vilinifikisha ringgit 8. Usiku nilikula chochote chepesi, au nilipika mayai.

Lakini ujihadhari na kunyoosha kidole. Katika migahawa ya nasi kandar, ambayo mingi inaendeshwa na Waislamu wenye asili ya India na mingine haifungwi usiku wala mchana, unaonyesha kitoweo, mhudumu anakichota, kisha mtu mwingine anaitazama sahani na kukadiria bei kwa jicho. Juma langu la kwanza nilionyesha ngisi na kamba wakubwa kwa furaha ya mgeni, nikadaiwa ringgit 27. Sikuwa nimeibiwa, kwa maana hiyo ndiyo bei ya vitoweo hivyo. Nilikuwa sijauliza tu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nauliza kila kitu kabla hakijagusa sahani.

Katika mwezi wa kawaida chakula kilinimalizia ringgit 550. Mwezi wa Ramadhani kilishuka sana, kwa sababu misikiti mingi hufuturisha, na ule wa Kampung Baru unajulikana mji mzima kwa uji wa mchele wenye nyama na viungo, bubur lambuk, unaogawiwa alasiri kwa yeyote anayepanga foleni. Masoko ya futari ya barabarani, kwa upande mwingine, yatakumaliza. Mfungaji hana hesabu saa kumi na moja jioni.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla ni kwamba sehemu ya unafuu wa Malaysia inatokana na ruzuku, na ruzuku nyingine si za mgeni. Tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ya mjini inayoitwa My50, ambayo mwenyeji huinunua kwa ringgit 50 na kusafiri atakavyo, ni ya raia peke yao. Katika zahanati ya serikali raia anamwona daktari kwa ringgit 1, mgeni kwa ringgit 40, ndiyo maana bima yako uisome vizuri uijue hospitali inayoipokea. Petroli nayo, ambayo katika miaka yangu iliuzwa ringgit 2.05 kwa lita kwa kila mtu, tangu mwisho wa Septemba 2025 raia anainunua kwa ringgit 1.99 akionyesha kitambulisho, na asiye raia analipa bei isiyo na ruzuku, iliyoanzia ringgit 2.60. Mchele ulinifundisha somo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 2023, baada ya India kuzuia usafirishaji wa mchele mweupe usio basmati mwezi Julai, mchele wa kutoka nje ulipanda bei, na ule wa ndani, uliowekewa bei ya ringgit 26 kwa mfuko wa kilo 10, ukatoweka madukani kwa kuwa kila mtu aliukimbilia. Nilizunguka supamaketi tatu nikakuta rafu tupu. Waliokuwa wakila kwa mama lishe hawakuyaona hayo mapema kama waliokuwa wakijipikia chumbani.

Nauli haina mambo mengi. Treni ya LRT kutoka Wangsa Maju hadi Masjid Jamek, katikati ya mji, haikufika ringgit 3, na kwa mwezi nilitumia ringgit 100 pamoja na Grab, teksi za kuitwa kwa simu, za siku za mvua. Ukitua uwanja wa ndege usikimbilie treni ya moja kwa moja ya ringgit 55. Basi linakufikisha KL Sentral, kituo kikuu cha treni, kwa takriban ringgit 15, ukivumilia kukaa zaidi kidogo.

Ukiongeza bando la simu la ringgit 35, ringgit 60 za sabuni, maji ya kunywa na dobi (neno ni hilohilo kwao, ila dobi mwenyewe sasa ni mashine unayoilisha sarafu), na ringgit 100 za dharura na kutoa nakala, jumla yangu ilizunguka ringgit 1,455. Kima cha chini cha mshahara wakati huo kilikuwa ringgit 1,500, kabla hakijapandishwa hadi 1,700 mwaka 2025, kwa hiyo nilikuwa nikiishi peke yangu kwa kiasi ambacho mfanyakazi wa chini alikuwa akilishia nyumba. Nilipolijua hilo niliacha kumlalamikia mjomba. Kwa ringgit 1,236 utapungukiwa na zaidi ya ringgit 200, na nafuu ya haraka ni kupata bweni la chuo au kulala wawili chumba kimoja. Usiweke kazi katika hesabu zako: mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo inayozidi siku saba, kwa kibali, na katika kazi chache zilizotajwa kama migahawa na vituo vya mafuta.

Kuhusu unga, usijaze begi. Unga wa mahindi wa sembe niliupata kwa shida na kwa bei ya kukatisha tamaa katika maduka machache yanayouza vyakula vya Kiafrika, na baada ya muda sisi sote tulihamia kwenye semolina, unga wa ngano wenye chengachenga, ambayo inasongeka vizuri ukiwa na mkono mwepesi. Mboga ya kuusindikiza ndiyo utakayoipata bila taabu. Nenda soko la Chow Kit asubuhi, uulize pucuk ubi, utapewa fungu la kisamvu kibichi. Wao kwa kawaida hawakitwangi, wanakichemsha kikiwa majani mazima, kwa hiyo muuzaji atakushangaa ukimwomba akuchagulie machanga ya kutwanga, lakini atakuchagulia.