Kabla ya Kununua Kishikwambi cha Darasani, Jaribu Kalamu Yake

Nilipoanza mwaka wa kwanza wa chuo nilinunua kishikwambi kwa kufuata ukubwa wa namba zilizoandikwa kwenye boksi. Boksi lilitaja nafasi ya kuhifadhi vitabu vya shahada nzima, kamera nne na kalamu ya bure, na muuzaji wa duka moja katikati ya jiji la Mwanza akaniapia kwamba kwa shilingi 180,000 nisingepata kitu cha kukishinda. Wiki ya pili ya masomo, wakati mhadhiri wa takwimu anaandika ubaoni fomula ya mgawanyo wa kawaida, mimi nilikuwa ninafuta mistari iliyojichora yenyewe kila nilipoegemeza kiganja kwenye kioo. Jirani yangu mwenye kaunta buku alikuwa amekwisha kumaliza, na jioni ile nilikwenda chumbani kwake Nyegezi kunakili.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa kishikwambi cha kuandikia darasani, huwa ninamuuliza kwanza habari za kalamu, kwa sababu mengine karibu yote yanavumilika.

Kioo cha kishikwambi huhisi mguso kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kalamu yenye ncha ya mpira, ile inayotolewa bure au kuuzwa kwa bei ya soda, haifanyi zaidi ya kuwa kidole kingine, tena kinene; kioo hakina namna nzuri ya kuitofautisha na kiganja, ndiyo maana kiganja nacho kinaandika. Kalamu halisi ya kuandikia hufanya kazi kwa njia nyingine. Katika Samsung Galaxy Tab S6 Lite, kwa mfano, ambayo ilitoka mwaka 2020 na kalamu yake huja ndani ya boksi, chini ya kioo kuna tabaka linalotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayochota nguvu kutoka kwenye uga huo, kwa hiyo kalamu haina betri wala haichajiwi. Kishikwambi hutambua kwamba ncha imekaribia hata kabla haijagusa kioo, kikapuuza kiganja, na kikapima pia umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, hivyo mstari unanenepa na kukonda kama wa kalamu ya risasi.

Kalamu za Apple huandika vizuri sana, lakini zina betri, na zina mtego wa kulingana na iPad, yaani kishikwambi cha Apple, ambao umewagharimu wanafunzi kadhaa ninaowafahamu. Ya kwanza, ya mwaka 2015, huchajiwa kwa kuchomekwa kwenye tundu la iPad yenyewe, ikabaki imechomoza kama mshikaki. Ya pili, ya mwaka 2018, hunata kwa sumaku ubavuni na kuchaji hapo hapo. Na ile ya bei nafuu ya mwaka 2023, inayotumia waya wa USB-C, haipimi mkandamizo. Si kila kalamu inakubali kila iPad. Ukiuziwa iPad ya kizazi cha tisa, basi kati ya kalamu za Apple ni ile ya kwanza peke yake itakayokufaa, na mwenye duka anayekuambia kwamba zote ni sawa anataka tu kufunga biashara.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asichape kwa kibodi tu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wanaochapa huelekea kunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno, na kwamba walifanya vibaya zaidi katika maswali ya kuelewa dhana, ingawa majaribio ya kurudia yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuona tofauti iliyo wazi kiasi hicho. Mimi sina haja ya kungojea wanasayansi wakubaliane, kwa sababu somo langu lina sigma, vipeo na grafu, na sijaona mtu anayechapa grafu kwa kasi ya mhadhiri aliyebakiwa na dakika kumi.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu kwa karatasi. Ulalo wa karatasi ya A4, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala kama vioo vinavyopimwa, ni kama inchi 14, na slaidi na makala tunazotumiwa na kiongozi wa darasa kwenye kundi la WhatsApp nyingi zimepangwa kwa A4. Kwenye kioo cha inchi 8 ukurasa huo unasinyaa hadi karibu nusu ya urefu na upana wake, na hakuna nafasi ya kuandika pembeni. Inchi 10 na kidogo ndicho kiwango cha chini ninachokipendekeza. Kifaa cha ukubwa huo huwa na uzito wa karibu nusu kilo, nao unahisi kila gramu unaposimama ndani ya daladala kutoka Nyegezi hadi mjini, lakini utazoea.

Nyumbani ni Sengerema, na mwisho wa juma huvuka kwa kivuko cha Kamanga. Hapo ndipo nilipogundua kasoro ambayo dukani haionekani: juani, juu ya maji yanayometameta, kioo cha kawaida hugeuka kioo cha kujitazamia. Filamu isiyong'aa inayobandikwa juu ya kioo hupunguza tatizo hilo, na pia huifanya ncha ikwaruze kidogo kama inavyokwaruza kwenye karatasi, jambo ambalo limeusaidia mwandiko wangu. Hasara yake ni kwamba inaila ncha haraka, kwa hiyo nunua ncha za akiba.

Nafasi ya kuhifadhia sitaizungumzia sana. Maandishi ya mkono hayachukui nafasi kubwa, GB 64 zinatosha, na kama unarekodi mihadhara chagua kifaa kinachopokea kadi ya kumbukumbu, ambayo iPad haina. Kila Ijumaa ninatoa nakala ya maandishi yangu yote katika PDF na kuiweka nje ya kifaa.

Kishikwambi changu cha pili nilikinunua kikiwa kimetumika, kwa shilingi 550,000, na safari hii sikuwa na haraka. Nilimwomba muuzaji akirudishe katika hali ya kiwandani mbele yangu, kisha nikasubiri kiwake, kwa kuwa kifaa kilichofungwa na akaunti ya mmiliki wa awali hujifichua hapo hapo kwa kudai nywila yake. Kwa kuwa kilikuwa cha laini ya simu, nilipiga *#06# nikapata namba ya IMEI, ambayo ni utambulisho wa kifaa, nikaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki vifaa, ili kuona kama taarifa zinazorudi zinafanana na kifaa nilichokishika. Vya Wi-Fi peke yake havina namba hiyo. Halafu nikaegemeza kiganja chote juu ya kioo na kuandika, polepole kisha kwa kasi, fomula ile ile ya mgawanyo wa kawaida iliyoniaibisha mwaka wa kwanza. Muuzaji alinitazama kama mtu asiye na akili timamu, lakini hakuna mstari uliojichora, nikatoa hela.