Nimerithi ulevi wa baba: je, nina udhuru mbele ya Allah?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Baba yangu amefariki akiwa mlevi, na babu vilevile. Mimi nina miaka 26, nakunywa kila siku, na mara nyingi nikilewa naangukia kwenye zina, kisha asubuhi najuta. Nimesoma kuwa mambo haya yamo kwenye jeni. Rafiki yangu anasema basi sina dhambi, nimeumbwa hivi. Nyumbani wanasema mwana wa nyoka ni nyoka. Nani mkweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hakuna mkweli kati yao, mwanangu. Mmoja amekuambia huna haja ya kutubu, mwingine amekuambia kutubu hakutakufaa. Swali lako limenihuzunisha kwa sababu vijana wengi wanapotezwa baina ya kauli hizi mbili.

Uliyoyasoma yana asili. Tafiti za mapacha, na za watoto waliolelewa mbali na wazazi wao wa damu, zinaonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi. Hiyo ni hesabu ya umma wa watu; haina maana kwamba nusu ya chupa zako amezifungua marehemu baba yako. Wala hakuna jeni moja ya ulevi. Ziko nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo. Baadhi huamua ini linavyoivunja pombe: wapo watu, hasa wa Asia ya Mashariki, ambao miili yao huchelewa kuondoa asetaldehaidi, sumu inayotokea pombe ikivunjwa, wakinywa kidogo tu uso unawaiva, moyo unaenda mbio, wanachefukwa. Wengi wao pombe inawashinda mapema, wakasalimika na uraibu. Jeni nyingine zinagusa pupa, kupenda msisimko na ugumu wa kujizuia, na hizo ndizo zinazochangia ulevi na zina kwa pamoja. Kisha pombe yenyewe huondoa haya na hadhari iliyobaki.

Dini haikatai maumbile. Mtume (S.A.W.) alimwambia Ashajj, mtu wa kabila la Abdul-Qays, kuwa ana sifa mbili azipendazo Allah, upole na utulivu. Akauliza: nimejizoesha, au Allah ameniumba nazo? Akajibiwa kuwa Allah amemuumba nazo. Basi ikiwa yupo aliyeumbwa na utulivu, yupo aliyeumbwa na pupa, na pupa hiyo peke yake si dhambi.

Ama hoja ya rafiki yako, ni kongwe na imekwisha kukataliwa. Washirikina walisema: lau Allah angelitaka tusingelishirikisha, sisi wala baba zetu (Al-An'am, 148). Tazama, hata baba zao waliwaingiza! Allah akawauliza kama wana elimu yoyote ya kuitoa. Na huyo rafiki, akipigwa kofi na mtu aliyerithi hasira, atamwambia "huna kosa"? Jeni huleta mwelekeo, haziinui glasi. Ni kweli uraibu hupunguza uwezo wako wa kuacha peke yako kwa siku moja, lakini haukuondolei uwezo wa kwenda kutafuta tiba, na hilo ndilo wajibu wako leo.

Wala usidanganywe kuwa wewe "unaimudu" pombe. Watoto wengi wa walevi hawahisi kulewa haraka, wakadhani ni nguvu, kumbe ndiyo hatari yenyewe: huongeza na kuongeza. Ndipo unapoona hekima ya hadithi kwamba kinacholevya kwa wingi wake, hata kidogo chake ni haramu.

Na wanaokuita nyoka wamekosea. Sahaba mmoja aliletwa mara kwa mara kwa kunywa, mtu akamlaani, Mtume (S.A.W.) akakataza, akashuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume wake.

Sasa sikiliza vizuri. Tauba yako ianze leo, lakini kwa kuwa unanunua na kunywa kila siku, usiikate pombe ghafla peke yako chumbani. Mkono ukitetemeka na jasho likikutoka asubuhi kabla hujanywa, mwili umeshaizoea. Degedege huweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuweweseka kunakoweza kuua kati ya siku ya 2 na ya 4. Nenda hospitali, mweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza. Utapewa dawa za kukuvusha na vitamini B1. Baadaye kuna naltreksoni ya kupunguza hamu, na disalfiramu, ambayo hukufanya uugue ukinywa kama wale wa Asia ya Mashariki, nayo haianzwi pombe ikiwa bado mwilini. Hizi mbili hazilevyi, hakuna ubaya kuzitumia.

Ikiwa zina ya mwisho haijapita saa 72, omba dawa za kuzuia VVU leo hii. Humezwa siku 28. Ikiwa imepita, pima, na urudie kupima kwa tarehe utakayopewa, pamoja na kaswende na kisonono.

Usikimbilie ndoa kama dawa ya ulevi, utamdhulumu binti wa watu. Ukitulia na kuposa, zina uliyoitubia usimsimulie, Allah amekusitiri. Lakini maradhi yoyote uliyonayo, na kwamba unatibiwa pombe, mweleze kabla ya akdi. Hiyo ni haki yake.

Wallahu a'lam.